Someni visiki kwanza: jinsi kamati ya kijiji inavyoweza kujua msitu unaisha kwa nini, na kwa hasara gani

Msitu wa kijiji ukianza kupungua, wa kwanza kulaumiwa ni mchoma mkaa. Moshi wake unaonekana ng'ambo ya bonde, magunia yake yamepangwa kando ya barabara, na kila apitaye humnyooshea kidole. Aliyefyeka ekari tatu katikati ya msitu akapanda ufuta hanyooshewi kidole na mtu, kwa kuwa alichokifanya kimeshapata jina jingine: ni shamba. Ndiyo maana vijiji vingi hutunga sheria ndogo kali dhidi ya mkaa, hukamata baiskeli mbili tatu, na bado msitu unarudi nyuma kila msimu.

Kwa Tanzania Bara, kilimo ndicho kinachoongoza kumaliza misitu, mbele ya mkaa, mbao na malisho. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu, karibu nusu yake ikiwa kwenye ardhi za vijiji, na kati ya 2002 na 2013 upotevu ulikadiriwa kuwa takriban hekta 469,000 kwa mwaka. Takwimu hizo zinaeleza nchi nzima. Hazisemi kama msitu wenu unaliwa na ufuta, kama inavyotokea Liwale na Nachingwea, au na kuni za kukaushia tumbaku, kama Urambo, au na vyote kwa zamu. Hilo mtalijua kwa kuingia msituni na kamba.

Mwongozo huu ni kwa kamati za maliasili za vijiji vyenye misitu ya miombo. Kazi ya msituni huchukua siku tano hadi saba kwa watu sita, na vifaa vyake havizidi vile ambavyo kijiji kinavyo tayari.

Kukata na kufyeka ni mambo mawili

Kabla ya kuhesabu, kubalianeni kuhusu maneno. Katika tathmini zake za misitu, Tanzania inahesabu eneo kuwa msitu likiwa na angalau nusu hekta, miti inayofikia mita 3 au zaidi, na vivuli vya matawi vikifunika asilimia 10 au zaidi ya ardhi. Mtu akikata miti 10 kwa ajili ya mkaa na visiki vikachipua, eneo limeharibika lakini bado ni msitu. Akija mwingine akachoma visiki vilevile, akalima juu yake na kung'oa machipukizi kila palizi, msitu umekwisha.

Miti mingi ya miombo, kama myombo, mtundu na mtondoro, huchipua tena kutoka kwenye kisiki na mizizi. Kwa hiyo swali la msingi mkiwa mbele ya kisiki ni hili: ni kizima au kimekufa, na kama kimekufa, ni nini kimekiua? Wengi huhesabu visiki vyote pamoja, kisha wanaandika ripoti ya kutisha isiyosaidia uamuzi wowote.

Maandalizi

Mnahitaji kamba ya mita 50 iliyofungwa fundo kila mita 10, kamba fupi mbili za mita 5 kila moja, futi kamba ya fundi cherehani, panga, daftari lenye mistari, rangi ya mafuta nyekundu kopo moja, na simu yenye GPS na dira. Mchukueni mtu mmoja anayejua majina ya miti. Mara nyingi huyu ni mganga wa miti shamba, mrina asali au mchoma mkaa mwenyewe. Msimkatae huyo wa mwisho; hakuna anayesoma visiki kama yeye.

Picha za satelaiti zinafaa kama mwanzo tu. Kwenye kompyuta, Google Earth ina picha za miaka ya nyuma, nanyi mnaweza kulinganisha ukingo wa msitu wa wakati ule na wa sasa. Tovuti ya Global Forest Watch nayo inaonyesha upotevu wa miti kuanzia 2001. Tatizo ni kwamba miombo hupukutisha majani kiangazi na kuungua karibu kila mwaka, kwa hiyo picha ya Septemba inaweza kuonyesha upara pale ambapo msitu upo. Tena tovuti hiyo huanza na kiwango cha asilimia 30 ya kivuli. Kishusheni hadi 10, la sivyo sehemu kubwa ya msitu wenu mkavu haitahesabiwa kabisa. Kila doa mnaloliona kwenye picha, lifuateni kwa miguu.

Kuvuta mistari

Njia ni rahisi. Mstari mmoja una urefu wa kilomita 1 na upana wa mita 10, yaani mita 5 kila upande wa kamba. Hiyo ni hekta 1 kamili, na hesabu zote zinakuwa nyepesi. Kamba ya mita 50 inavutwa mara 20, na kila mvuto ni safu moja kwenye daftari. Kwa msitu wa hekta 1,000, pigeni mistari isiyopungua 10. Itakuwa asilimia 1 ya eneo, inatosha kuonyesha hali kwa kijiji.

Mahali pa kuanzia pachagueni kwenye ramani kabla ya kutoka ofisini, kwa nafasi sawa, labda kila mita 500 kwenye ukingo wa msitu. Pakeni rangi kwenye mti mnapoanzia, kisha ingieni ndani kwa dira, moja kwa moja. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: watu hufuata njia ya miguu kwa sababu ni rahisi kupita, na njia ndiyo inayopita kwenye visiki. Mkifuata njia mtapata msitu ulioisha. Mkikwepa vichaka mtaacha sehemu zilizo salama. Dira ikisema pita kwenye miiba, piteni.

Wawili wanavuta kamba, wawili wanahesabu, kila mmoja upande wake akiwa na kamba ya mita 5 ya kuhakikisha, mmoja anaandika, mmoja anataja majina. Kwa kila mita 50 andikeni: miti iliyo hai, iliyokufa yenyewe, iliyokatwa karibuni (chini ya miezi sita) na iliyokatwa zamani. Gaweni kila kundi mara mbili kwa unene: mirunda, yaani kipenyo cha sentimita 5 hadi 15, na miti mikubwa zaidi ya hapo. Kwa futi kamba mnapima mzingo, si kipenyo, kwa hiyo shikeni namba mbili kichwani: mzingo wa sentimita 16 ni kipenyo cha 5, na mzingo wa 47 ni kipenyo cha 15. Mti ulio hai unapimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kisiki kinapimwa juu, kwenye mkato.

Makosa matatu hurudi kila mara. La kwanza, kisiki chenye machipukizi saba kinahesabiwa kuwa miti saba hai. Ni kisiki kimoja, kiandikeni hivyo, pembeni muweke idadi ya machipukizi. La pili, mti ulio juu ya mpaka wa mita 5: hesabuni kama nusu ya shina au zaidi imo ndani, basi. La tatu ni uchovu. Baada ya mstari wa pili wa siku watu huanza kukadiria kwa macho, na mirunda midogo hupotea kwenye hesabu. Mistari miwili kwa siku inatosha.

Kisiki kinavyosomwa

Hapa ndipo penye utajiri, kwa hiyo msiharakishe. Kila mkataji ana mkono wake.

Mkulima hachagui. Mkikuta miti ya kila aina na kila unene imekatwa pamoja, visiki vikiwa vya juu, vingine hadi kiunoni, vikiwa na weusi wa moto kwenye gome, hapo ni shamba au palikuwa shamba. Miti minene sana huwa haikatwi; hubanduliwa gome kuzunguka shina na kuachwa ife imesimama, au huchomwa moto mguuni. Tafuteni mabua ya mahindi, vijiti vya ufuta, matuta ya zamani. Tazameni pia kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau au mekundu linalonyonya mahindi: likijaa kwenye shamba la miaka mitatu minne, mwenyewe yuko njiani kuhamia kipande kipya cha msitu. Majivu ya miti iliyochomwa hulisha mazao misimu miwili au mitatu, kisha rutuba inakwisha na magugu yanashika. Mtu hafyeki kwa kupenda panga. Anafuata majivu.

Mchoma mkaa huchagua. Visiki vyake ni vya miti migumu, myombo na mtundu hasa, vya unene wa kati ambao shoka linauweza na mabega yanaweza kubeba, na vinazunguka sehemu moja. Katikati ya visiki hivyo mtakuta kovu la tanuri: mstatili mrefu wa udongo mweusi uliochanganyika na chenga za mkaa, chini yake udongo umeiva ukawa mwekundu kama tofali, na kando yake mtaro ambako udongo wa kufunikia ulichimbwa. Pimeni urefu na upana wa kovu, andikeni, maana makovu ni rahisi kuhesabu kuliko magunia. Juu ya kovu lenyewe miti hukawia sana kurudi, ila visiki vya pembeni kwa kawaida vinachipua mvua za kwanza.

Mpasua mbao anaacha alama chache na kubwa. Kisiki kimoja hapa, kingine mita 200 mbele, cha mninga au mkongo, mkato ukiwa laini na wa kulala kama ni wa chenso, wenye mikwaruzo kama ni wa msumeno wa mkono. Matawi yote yameachwa palepale pamoja na mabanzi na lundo la vumbi la mbao. Mninga uliokatwa karibuni hutoa utomvu mwekundu kama damu, ambao ukikauka unakuwa mweusi unaong'aa; mkiugusa ukanata, mkato ni wa siku chache.

Mkataji wa mirunda hupenda miti iliyonyooka karibu na njia, kipenyo cha sentimita 5 hadi 15, na hukata chini kabisa. Nyumba moja ya miti na udongo inakula mirunda mingi, na mchwa akishaila hutafutwa mingine. Uharibifu huu hauonekani kutoka mbali, lakini unaondoa miti ambayo ingekuwa msitu wa miaka 20 ijayo. Ukikuta miti mikubwa ipo, miche ipo, na katikati hakuna kitu, jibu ni mirunda, au moto.

Kuna alama nyingine ambazo wengi huzipita. Mti mzima ulioangushwa kisha ukaachwa, wenye tundu lililopanuliwa kwa shoka na masizi ndani, ni wa mrina asali aliyekata mti kwa ajili ya mzinga mmoja wa porini. Myombo uliobanduliwa gome kwa urefu wa mita moja au zaidi ni wa mizinga ya magome au kamba. Matawi ya chini yaliyokatwa na shina likabaki ni ya malisho ya mbuzi au ya kuni. Na kuni za nyumbani, kwa taarifa, sehemu kubwa ni matawi makavu yaliyookotwa. Mama mwenye mzigo kichwani si wa kuanza naye.

Umri wa mkato husomwa kwa rangi, gome na machipukizi. Mkato mpya ni mweupe au wa njano na una harufu. Miezi ikipita unakuwa wa kijivu, unapasuka, gome linaachia, mchwa wanapanda. Machipukizi yenye kimo cha goti kwa kawaida yameshaona mvua za msimu mmoja. Msiamini urefu peke yake, kwa sababu moto wa kiangazi unaweza kuwa umeyarudisha chini mara mbili. Chungueni kama kuna vijiti vilivyokufa, vyeusi, pembeni ya vilivyo hai.

Nani alikuja kwanza

Chukueni mfano wa kipande kimoja cha mita 50. Kuna visiki 9. Kimoja ni cha mninga, kinene, cha kijivu, kimeoza katikati. Vitano ni vya myombo na mtundu, gome limeanza kuachia, vilikuwa na machipukizi lakini yote yameungua. Vitatu ni vyembamba, vimekatwa juu, mkato bado mweupe. Chini kuna majivu.

Mkiandika "visiki 9" mmepoteza hadithi yote. Wa kwanza kufika alikuwa mpasua mbao, naye ndiye aliyefungua njia ya lori au pikipiki. Njia ikamleta mchoma mkaa, akakata vilivyobaki vyenye thamani na kuacha pamekuwa peupe. Peupe pale pakamrahisishia kazi mkulima, ambaye amesafisha mwaka huu. Ukiuliza nani amemaliza msitu, jibu la haki ni kwamba pigo la mwisho ni la shamba, lakini mlango ulifunguliwa na mbao. Kijiji kinachodhibiti mkaa pekee kinashughulikia kiungo cha katikati cha mnyororo huo.

Kwa hiyo kwenye daftari wekeni safu wima mbili za ziada: "kilichokuja kwanza" na "kilichopo sasa". Mkimaliza mistari yote, jumlisheni vipande vya mita 50 kwa kila sababu. Kama kati ya vipande 200 mna 61 vilivyoisha kabisa, na 48 kati ya hivyo vina mashamba, mna cha kusema mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Kuuliza watu bila kuwatisha

Ukimwuliza mtu "unakata miti?" atajibu hapana, na ana haki ya kuogopa. Ulizeni historia ya shamba: mwaka huu umelima wapi, miaka mitano iliyopita ulikuwa wapi, kwa nini ulihama, mavuno ya mwisho pale yalikuwa magunia mangapi kwa ekari? Jibu la "kwa nini ulihama" lina thamani kuliko maswali mengine yote: ardhi kuchoka, kiduha, mwekezaji, ng'ombe wa wafugaji kuingia, au bei ya ufuta kupanda. Kila moja lina dawa yake. Kaeni na akina mama peke yao, bila wenyeviti, kuhusu kuni na maji. Majina ya watu yasiandikwe.

Mkaa hesabuni barabarani. Simamieni njia panda moja siku saba mfululizo, alfajiri hadi usiku, muandike idadi ya magunia yanayotoka. Tanuri la asili la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Kwa kiwango cha 15, gunia la kilo 50 limekula zaidi ya kilo 330 za kuni. Pima gunia halisi kwa mizani, maana yale yenye kilemba juu huzidi sana uzito unaotajwa.

Hasara inapimwaje: maji, udongo, kuni

Athari nazo zinapimwa, la sivyo zinabaki kuwa malalamiko. Tuanze na maji, kwa sababu hapa kuna kosa linalorudiwa hata na wataalamu: kwamba mti ukikatwa chemchemi inakauka papo hapo. Miti nayo hunywa maji, na miaka ya kwanza baada ya kufyeka kijito kinaweza hata kuongezeka. Kinachobomoka ni uwezo wa ardhi kumeza mvua. Majani yaliyooza yakiondoka, matone yakapiga udongo mtupu na ng'ombe wakaukanyaga, mvua inateremka juu juu kama kwenye bati. Mafuriko yanakuwa makubwa, na mwezi Oktoba chemchemi haina akiba.

Pimeni kumeza kwa ardhi hivi. Kopo la bati lenye upana wa sentimita 15, likatwe pande zote mbili, lipigwe ardhini kwa kina cha sentimita 5 juu yake pakiwa na ubao ili lisipinde. Mimina lita 1 ya kwanza ili kulowesha, isubirini iishe. Mimina lita ya pili na muanze kuhesabu dakika. Fanyeni hivyo mara tatu ndani ya msitu, mara tatu kwenye shamba jipya, mara tatu kwenye shamba lililochoka na malisho. Maji yakivuja pembeni ya kopo, kipimo hicho kitupeni. Tofauti kati ya dakika za msituni na za malishoni itawashangaza wanakijiji kuliko hotuba yoyote. Wafanyieni mbele yao.

Chemchemi pimeni kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu, mwisho wa kiangazi, wiki ileile kila mwaka. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40 ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo chemchemi hiyo inatosha watu 1,728. Ikifika sekunde 80, inatosha 864. Hakuna haja ya kuongeza neno.

Kwa udongo, kateni vipande vya nondo vya sentimita 60, vipigeni ardhini kwenye mteremko kabla ya mvua, vikibaki juu sentimita 10 kamili, vipande 10 shambani na 10 msituni. Mvua zikiisha pimeni kilichobaki juu. Kila milimita 1 iliyoondoka ni mita za ujazo 10 za udongo kwa hekta, takriban tani 12 hadi 13. Vifungieni kitambaa chekundu na mwambieni mwenye shamba, la sivyo vitang'olewa kwa ajili ya kazi nyingine au vitaumiza mguu wa mtu. Baadhi ya nondo zitaonyesha udongo umeongezeka. Msizifute kwenye hesabu, udongo uliobebwa kutoka juu umetua pale.

Kuni zipimeni kwa saa. Kutoka nyumbani, kukusanya, kurudi. Zidisheni kwa safari za wiki. Msitu wa miombo ukienda, na uyoga unaenda, kwa kuwa aina nyingi zinazoliwa huishi kwenye mizizi ya miyombo na jamii zake. Waulizeni wakusanyaji mwaka gani walikosa aina gani, wanakumbuka vizuri.

Dawa ifuate sababu

Kama hesabu inasema shamba, anzeni na mpango wa matumizi bora ya ardhi na rutuba. Mbaazi au kunde katikati ya mahindi, mabua kuachwa shambani badala ya kuchomwa, samadi kwenye mashimo ya kupandia: shamba likidumu miaka 10 pale lilipo, linaokoa mafyeko mawili matatu. Bila hilo, mpaka wa rangi nyekundu kwenye miti utavukwa na watu wenye njaa.

Kama ni mbao na mkaa, kijiji kina nguvu ya kisheria. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga hifadhi ya msitu wa ardhi ya kijiji, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha, mpango wa usimamizi na sheria ndogo zinapelekwa halmashauri ya wilaya. Mahali pengi mchakato hukwama kwenye mpaka ambao haujasuluhishwa na kijiji jirani; umalizeni huo kwanza. Kilosa vijiji vimevuna mkaa kwa vitalu vya mita 50 kwa 50, vikipishana kama ubao wa drafti, na kila kitalu kikipumzishwa miaka 24. Visiki viachwe kimo cha kama sentimita 30, mkato uwe wa mshazari ili maji yasikae juu, na miti ya mbao isiguswe. Mita 60 kutoka mtoni msikate kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu hapo. Kuni zikauke wiki kadhaa kabla ya kupangwa kwenye tanuri, kwa kuwa kuni mbichi huteketeza sehemu yake yenyewe ili kukausha nyingine. Tanuri lililopangwa vizuri na lenye bomba la moshi hufika kilo 25 kwa 100, na gunia lilelile la kilo 50 linatokana na kilo 200.

Mahali penye visiki hai, tumieni njia iitwayo kisiki hai, yaani kulea machipukizi ya kisiki yawe miti tena, kazi ambayo wakulima wa Dodoma wameifanya sana. Chagueni kwa hekta visiki 40 hadi 80. Kwenye kila kimoja bakizeni machipukizi matatu hadi matano, manene na yaliyosimama, yaliyoota karibu na ardhi, kwa sababu yale ya juu hubanduka na upepo. Mengine ondoeni kwa panga kali, mkikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Matawi ya chini ya machipukizi yaliyobaki pogoeni hadi nusu ya kimo, si zaidi. Fungeni kitambaa cha rangi, kila mtu ajue kisiki hicho kina mwenyewe. Rudieni baada ya miezi sita. Fanyeni kiangazi, anayepogoa katikati ya msimu wa kulima ataacha kazi njiani.

Kisiki hai kina adui wawili, mifugo na moto wa mwisho wa kiangazi. Moto wa Septemba na Oktoba huua machipukizi, ule wa mapema, Mei hadi Julai, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita kwa upole na kupunguza mzigo. Chomeni mapema kwa vipande, jioni, upepo ukiwa umetulia, baada ya kusafisha njia ya kuzuia moto yenye upana wa mita 5 au zaidi. Kuhusu mifugo, Kondoa ni ushahidi: mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mifugo ilitolewa kwenye eneo lililomomonyoka, na uoto ukarudi wenyewe kutoka kwenye mizizi iliyokuwa hai. Shinyanga, ambako vichaka vilifyekwa kupambana na mbung'o na kupanua pamba, wafugaji wamerudisha miti kwa ngitili tangu 1986, kutoka hekta kama 600 zilizokuwa zimebaki hadi zaidi ya 300,000, kwa kufunga malisho msimu wa mvua na kuyafungua kiangazi.

Kupanda miche kuwe kwa mwisho, pale tu ambapo hakuna kisiki wala mzizi hai: kwenye korongo, kovu la tanuri, shamba lililolimwa kwa trekta miaka mingi. Mche upandwe mvua za kwanza zikiwa zimelowesha udongo hadi sentimita 30, kifuko cha plastiki kitolewe chote, na mizizi iliyojizungusha chini ikatwe. Miche mingi ya sherehe hufa kwa sababu hupandwa mvua zikiisha, siku ambayo mgeni ana nafasi.

Mwaka unaofuata rudieni mistari ileile, mwezi uleule, kuanzia kwenye alama zilezile za rangi. Rangi hufifia na moto huila, kwa hiyo ipakeni upya kila mnapopita, na viwianishi vya GPS viandikwe mahali pawili: daftari la kamati na ofisi ya mtendaji wa kijiji.